Flopi inapogoma kwenye Commodore 64: kutafuta kosa la draivu ya 1541 na kuokoa kilichomo

Flopi ikikataa kusomeka kwenye draivu ya 1541, jambo la kwanza ni kutoiandika chochote. Usiifomati, usiipe amri ya V (ya kuijenga upya ramani ya flopi), usisevu faili juu yake "kujaribu tu". Flopi nyingi hutupwa kwa kudhaniwa zimeoza kumbe ni nzima, na mbovu ni draivu: kichwa cha kusomea na kuandikia kimejaa uchafu, kimehama mahali pake, au mota inakwenda mwendo usio wake. Draivu ya namna hiyo ikisoma, inakosea tu. Ikiandika, inaharibu data iliyokuwa salama.

Kwa hiyo, kabla ya yote, ziba pengo dogo lililo ubavuni mwa flopi. Kwenye flopi za inchi 5¼, pengo likiwa wazi inaandikika, likizibwa haiandikiki. Tumia stika nyeusi au ya fedha isiyopenyeza mwanga. 1541 hutambua pengo kwa taa na kihisi cha mwanga, kwa hiyo selotepu inayopitisha mwanga haizuii kitu, na draivu itaandika kama kawaida.

Pia fuata utaratibu wa umeme. Washa draivu ikiwa tupu, ndipo uingize flopi. Toa flopi kabla ya kuzima. Umeme unapoingia au kukatika, mkondo unaweza kupita kwenye kichwa kwa kitambo kidogo na kufuta kilicho chini yake. Kichwa kikiwa kimeegeshwa kwenye treki ya 18, yaani duara la data linalobeba saraka (orodha ya mafaili), umepoteza saraka nzima.

Iulize draivu yenyewe

1541, iliyotoka mwaka 1982 pamoja na Commodore 64, ni kompyuta ndogo inayojitegemea: ina prosesa yake ya 6502, RAM ya kilobaiti 2 na ROM ya kilobaiti 16. Kosa linapotokea, maelezo yake hubaki ndani ya draivu, na taa nyekundu humeta hadi mtu ayasome. Skrini ya C64 itakuambia FILE NOT FOUND au LOAD ERROR, maneno ambayo hayasaidii sana. Namba unayoitaka unaipata hivi:

10 OPEN 15,8,15
20 INPUT#15,E,E$,T,S
30 PRINT E;E$;T;S
40 CLOSE 15

Lazima iwe programu yenye namba za mistari, maana INPUT# haikubali kuendeshwa moja kwa moja. E ni namba ya kosa, T ni treki, S ni sekta, yaani kipande cha treki. Ukiiendesha mara tu baada ya kuwasha draivu utapata 73 na jina CBM DOS V2.6 1541. Hiyo ni salamu tu. Lakini 73 ikitokea unapojaribu kuandika, maana yake draivu imekuta alama ya fomati iliyo kwenye flopi si ya kwake, na mara nyingi ni baiti moja iliyoharibika kwenye treki ya 18.

Flopi ya 1541 ina treki 35. Treki 1 hadi 17 zina sekta 21 kila moja, 18 hadi 24 zina 19, 25 hadi 30 zina 18, na 31 hadi 35 zina 17. Jumla ni sekta 683 za baiti 256. Treki ya 18, katikati, ndiyo makao ya saraka na ya BAM, yaani ramani inayoonyesha sekta zipi zimeshikwa na zipi ziko wazi. Ndiyo maana flopi mpya huonyesha 664 BLOCKS FREE: sekta 19 za treki ya 18 hazihesabiwi.

Kila sekta ina sehemu mbili. Kwanza kichwa cha habari kinachotaja treki, sekta na herufi mbili za utambulisho wa flopi, kisha data yenyewe. Kila sehemu hutanguliwa na alama ya kuamsha kichwa cha kusomea, na kila moja ina namba yake ya kuhakiki. Ukilijua hilo, namba za makosa zinaanza kusema.

20: draivu imesikia alama lakini haikukuta kichwa cha habari cha sekta iliyotakiwa. 21: haikusikia alama yoyote. 22: kichwa cha habari kipo, data haionekani. 23: data imesomeka lakini haikubaliani na namba yake ya kuhakiki. 27 ni hivyo hivyo kwa kichwa cha habari. 29: herufi za utambulisho si zile draivu ilizozitarajia. 25 hutokea baada ya kuandika, pale ambapo kilichosomwa si kile kilichoandikwa. 26 ni ulinzi wa kuandika, na 74 kwa kawaida ni draivu isiyo na flopi au mlango haujafungwa vizuri.

Kosa moja peke yake halitoshi kukuambia mbovu ni nani. Unahitaji ramani ya flopi nzima. Programu hii husoma kila sekta na kuorodhesha zilizokataa:

10 OPEN 15,8,15,"I0"
20 OPEN 2,8,2,"#"
30 FOR T=1 TO 35
40 S=20:IF T>17 THEN S=18
50 IF T>24 THEN S=17
60 IF T>30 THEN S=16
70 FOR I=0 TO S
80 PRINT#15,"U1:";2;0;T;I
90 INPUT#15,E,E$,A,B
100 IF E>1 THEN PRINT T;I;E;E$
110 NEXT I,T
120 CLOSE 2:CLOSE 15

Haiandiki chochote kwenye flopi. Kwenye flopi nzima humaliza kwa dakika chache. Kwenye flopi mbovu huchukua muda mrefu, kwa sababu draivu hurudia kujaribu kabla ya kukiri kosa. Ukisikia mlio wa kukwaruza au wa filimbi, zima mzunguko mara moja kwa kufungua mlango wa draivu. Huo ni utando wa sumaku unaochubuka.

Sasa tazama orodha. Sekta mbili tatu zenye 23 au 22 kwenye treki moja au treki jirani ni jeraha la flopi: mkwaruzo, doa la kidole, ukungu. Kosa la 21 kila mahali, kwenye kila flopi unayoweka, ni kichwa kichafu au sakiti ya kusomea iliyokufa. Makosa ya 20, 23 na 27 yanayoongezeka kuelekea upande mmoja, treki za mwanzo nzima na kuanzia ya 30 hazisomeki, au kinyume chake, ni dalili ya kichwa kilichohama. Makosa yanayobadilika kila ukirudia, mara treki hii mara ile, yananuka mwendo wa mota, joto, au televisheni.

Hilo la televisheni lisipuuzwe. Skrini za zamani za bomba hutoa uga wa sumaku, na draivu iliyowekwa chini yake au ubavuni pake hupata makosa yasiyoeleweka. Isogeze mbali, rudia jaribio, kabla hujafungua skrubu hata moja.

Jaribio la flopi mbili

Chukua flopi ya kiwandani ambayo haijawahi kuandikwa na draivu ya mtu. TEST/DEMO iliyokuja na 1541 inafaa sana. Chukua pia flopi tupu isiyo na thamani na uifomati kwenye draivu hiyo hiyo:

OPEN 15,8,15,"N0:JARIBIO,J1":CLOSE 15

Herufi mbili baada ya koma ni za lazima hapa. Ukiziacha, draivu husafisha saraka na BAM tu bila kufomati treki upya, nawe hutakuwa umejaribu chochote.

Ikiwa flopi uliyoifomati sasa hivi inasomeka bila kosa ila ya kiwandani inakataa, draivu imehama: inaandika na kusoma mahali pake pasipo sahihi, inajielewa yenyewe tu. Hii ndiyo hali ya hatari kuliko zote, kwa sababu mwenye draivu huona kazi yake inakwenda vizuri hadi siku atakapobadilisha draivu. Ikiwa zote mbili zinasomeka vizuri, tatizo ni ile flopi ya kwanza. Zote mbili zikikataa, anza na usafi.

Kusafisha, mwendo, na kichwa kilichohama

Onyo moja kabla ya kufungua: 1541 za mwanzo zina transfoma ndani, kwa hiyo umeme wa ukutani umo ndani ya kasha. Chomoa waya kabisa unapofungua, na ukilazimika kuiendesha ikiwa wazi, mkono usikaribie upande wa transfoma na fyuzi. 1541-II ina kisambaza umeme cha nje na ni salama zaidi kwa kazi hii.

Kasha hushikwa na skrubu nne chini. Ndani utaona kichwa chini ya flopi, na juu yake mkono wenye kipande cha felti kinachoibana flopi dhidi ya kichwa. Lowesha pamba ya masikio kwa alkoholi ya isopropili, ya asilimia 90 au zaidi, na ufute kichwa taratibu. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia, huo ni utando wa flopi za zamani. Rudia na pamba mpya hadi itoke nyeupe. Felti usiiloweshe, ikiwa imekuwa ngumu au imeng'aa, badilisha. Futa pia reli mbili kinazotelezea kichwa na uzipake tone dogo la mafuta mepesi ya mashine. Grisi ya zamani iliyoganda hukifanya kichwa kisifike pale kilipoamriwa, na dalili zake hufanana kabisa na za kichwa kilichohama. Watu wamehangaika na mota bure kwa sababu ya grisi.

Mwendo unaotakiwa ni mizunguko 300 kwa dakika. Kwenye gurudumu lililo chini ya draivu kumechorwa duara mbili za mistari, moja ya umeme wa hezi 50, ambao ndio wa Afrika Mashariki na Ulaya, na nyingine ya hezi 60 wa Marekani. Imulike kwa taa ya tyubu inayotumia umeme wa ukutani na utazame duara inayokuhusu: mistari ikionekana imesimama, mwendo ni sawa, ikitambaa mbele au nyuma, zungusha kidogo kirekebishi cha mwendo kilicho kwenye bodi ya mota. Taa nyingi za LED hazifai kwa kazi hii kwa kuwa hazimeti kwa mapigo ya umeme. Kwenye draivu zenye mkanda, angalia mkanda kwanza. Ukiwa umelegea, hakuna kirekebishi kitakachoutuliza mwendo.

Kuhama kwa kichwa ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Draivu hizi za mwanzo hazina kihisi cha kujua kuwa zimefika treki ya kwanza, kwa hiyo hukisukuma kichwa nje hadi kigonge kizuizi. Ndio ule mlio wa trrrr unaosikika wakati wa kufomati au kosa linapotokea. Michezo mingi ya kuuzwa ya miaka ya 1980 iliweka makosa ya makusudi kwenye flopi ili kuzuia kunakiliwa, na kila ilipopakiwa kichwa kiligonga. Kwenye mota ya hatua, ile inayosogeza kichwa, puli imebanwa tu juu ya mhimili, na baada ya kugongwa mara nyingi huteleza kidogo. Kidogo hicho kinatosha.

Kurekebisha, weka kwanza alama ya kalamu yenye ncha nyembamba inayovuka ukingo wa mota na fremu, ili ujue ulikoanzia. Legeza skrubu mbili za mota hiyo ya hatua kiasi tu cha kuiwezesha kusogea kwa kuisukuma. Weka flopi ya kiwandani na uiendeshe programu ya kusoma sekta kwa treki 1, 18 na 35 tu. Sogeza mota upana wa unywele, soma, sogeza tena. Usisimame mara inapoanza kusoma. Endelea hadi ianze kukosea upande wa pili, kisha rudi katikati ya hapo pawili, kaza skrubu, na usome tena, kwa sababu kukaza huisogeza. Flopi ya kupimia isiwe iliyoandikwa na draivu unayoirekebisha, ama utaihalalishia upotofu wake.

Lakini kabla ya hapo: ikiwa draivu hiyo iliyohama ndiyo iliyoandika flopi zako zote, zinakili kwanza. Ukishainyoosha, hazitasomeka tena kwake.

Flopi nzima, saraka iliyovurugika

Kuna uharibifu ambao hauna sumaku wala kichwa ndani yake. Programu ya kusoma sekta haioni kosa, ila mafaili yanachanganyikana: unapakia barua, katikati inageuka kuwa mchezo.

Sababu ya kwanza ni flopi mbili zenye herufi zilezile za utambulisho. Draivu huiweka BAM kwenye kumbukumbu yake na huzitegemea herufi hizo kujua kama flopi imebadilishwa. Ukizifomati zote kwa A1, inaweza kudhani flopi ya pili ni ile ya kwanza na kuiandikia ramani isiyo yake. Kila flopi iwe na herufi zake, na kila ukibadilisha, tuma I0, amri ya kuisoma BAM upya:

OPEN 15,8,15,"I0":CLOSE 15

Ya pili ni kusevu kwa @, ile amri ya kuandika juu ya faili la zamani. Ina dosari ndani ya ROM ya 1541 inayoweza kuvuruga faili lingine kabisa. Sevu kwa jina jipya, futa la zamani kwa S0:, kisha ubadilishe jina kwa R0:. Ni hatua mbili zaidi, nazo zinalipa.

Ya tatu ni faili lisilofungwa, ambalo kwenye saraka huonekana na nyota: *PRG (programu) au *SEQ (faili la data). Hutokea umeme ukikatika au flopi ikitolewa wakati wa kuandika. Usilifute kwa S. Kila sekta huanza na baiti mbili zinazotaja treki na sekta inayofuata, na mnyororo wa faili lisilofungwa unaweza kuishia ndani ya faili la mwingine. Ukilifuta, sekta za faili hilo la mwingine nazo zinatangazwa kuwa wazi. Kama unakihitaji kilichomo kwenye faili la SEQ, lisome kwa hali ya M, inayokubali faili lisilofungwa:

OPEN 2,8,2,"JINA,S,M"

Kisha ndipo utumie V:

OPEN 15,8,15,"V0":CLOSE 15

Amri hii hufuata mnyororo wa kila faili, huondoa yasiyofungwa na kuijenga BAM upya. Ifanye juu ya nakala, si juu ya flopi pekee uliyonayo. Isikaribie kamwe flopi za GEOS (mfumo wa madirisha wa C64), wala michezo halisi ya dukani: hizo huhifadhi data kwenye sekta zisizotajwa kwenye saraka, na V huzihesabu zote kuwa ardhi tupu. Ikikatika katikati kwa kosa la kusoma, tuma I0 mara moja kabla ya jambo lingine lolote.

Faili lililofutwa kimakosa linarudi, mradi hakuna kilichoandikwa baadaye. S hubadilisha baiti moja tu kwenye saraka, ile ya aina ya faili, kuwa sifuri. Saraka huanza treki ya 18 sekta ya 1, mafaili manane kwa sekta, baiti 32 kila moja; aina ni baiti namba 2 ukihesabu kutoka 0. Kwa programu ya kuhariri sekta, andika $82 kwa PRG au $81 kwa SEQ, kisha V. Vivyo hivyo flopi iliyofomatiwa bila herufi za utambulisho: data yake ingali pale, saraka ndiyo iliyofutwa.

Kunakili kilichobaki

Kifaa cha ZoomFloppy huunganisha 1541 na kompyuta ya sasa kwa USB, na programu za OpenCBM hufanya kazi iliyobaki:

cbmctrl detect
cbmctrl dir 8
d64copy -t original -r 20 8 flopi01.d64

"original" ni njia ya polepole kuliko zote, lakini ndiyo yenye uvumilivu kwa nyaya na draivu dhaifu. -r 20 huiambia irudie sekta mara ishirini kabla ya kukata tamaa. Faili kamili la D64, yaani nakala ya flopi nzima, lina baiti 174,848, yaani 683 mara 256; likibeba pia orodha ya makosa huwa na baiti 175,531. Sekta ikigoma, toa flopi, iingize tena ili ikae upya kwenye kitovu, na urudie. Mara nyingine draivu nyingine ya 1541 husoma kile ambacho ya kwanza ilishindwa.

Kwa flopi ngumu zaidi, kifaa cha Greaseweazle au KryoFlux pamoja na draivu ya inchi 5¼ ya PC hurekodi mawimbi ghafi ya sumaku kwa mizunguko kadhaa, na uchambuzi unafanyika baadaye. Kusoma tu. Draivu ya PC ya megabaiti 1.2 ina kichwa chembamba kuliko cha 1541. Ikiandika juu ya treki ya zamani huacha kingo za data ya zamani pembeni, na 1541 husikia zote mbili kwa pamoja.

Flopi yenye ukungu, yale madoa meupe yanayoonekana kwenye dirisha, jambo la kawaida kwa zilizohifadhiwa sehemu zenye unyevu kama Zanzibar na Mombasa, isiingie kwenye draivu kabla ya kuoshwa. Vaa barakoa. Chana ukingo wa juu wa kasha, toa duara la ndani kwa kulishika kitovuni, na ujaribu alkoholi kwenye sehemu ndogo karibu na kitovu. Rangi ikitoka, acha alkoholi. Tumia maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha suuza kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke. Likauke lenyewe, mbali na jua, kisha liingie kwenye kasha safi lililotolewa flopi isiyo na thamani, upande uleule uliokuwa chini ubaki chini. Nakili mara moja, na usafishe kichwa baada ya kila flopi ya aina hii.

Nakala ikishapatikana, irudishe kwenye flopi ya DD (msongamano wa chini) tu. Zile za HD (msongamano wa juu) za megabaiti 1.2 zinafanana kwa macho, lakini utando wake unahitaji sumaku yenye nguvu ambayo 1541 haina: zitafomatika leo na wiki ijayo utapata 23 na 27. Ukiziona hazina pete ya kuimarisha kwenye tundu la katikati, zishuku. Nyingi za HD hazina. Baada ya kuandika, endesha tena programu ya kusoma sekta. Flopi mpya ikionyesha kosa mahali palepale mara mbili mfululizo, iweke kando iwe ya kutolea kasha.